Moyo Uliokimbia Bila Kufukuzwa

Katika chumba cha kukatia minofu kila mtu alivaa sweta mbili chini ya koti jeupe, maana barafu ilitapakaa hadi sakafuni. Mimi nilikuwa natoka jasho. Nilianza kwa kuvua sweta moja, wiki iliyofuata nikavua na ya pili, na bado mgongo ukalowa kama wa mtu anayelima saa saba mchana. Zuhura, tuliyesimama naye meza moja, alinigusa mkono akashtuka.

"Minza, unaungua wewe! Hiyo malaria."

Nikanywa klorokwini. Masikio yakavuma, mwili ukaniwasha siku tatu, na jasho likabaki palepale.

Kilikuwa kiangazi, katikati ya miaka ya tisini, wakati viwanda vya samaki vilipoota kandokando ya ziwa hapa Mwanza na kila mwenye mikono akaenda kusimama getini. Sangara waliingia kwa mlango mmoja, wengine wakubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, wakatoka kwa mlango mwingine wakiwa minofu ndani ya maboksi, safari ya Ulaya. Sisi tuliuziwa vichwa na mifupa, yale tunayoyaita mapanki. Niliipenda ile kazi, sioni aibu kusema. Nilikuwa na kisu kizuri na mkono mwepesi. Na miezi ile ya mwanzo, kabla sijajua kwamba naumwa, nilikuwa mwepesi kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Mwenzangu akimaliza samaki mmoja, mimi wawili. Msimamizi akanisifu mbele ya watu. Nikirudi nyumbani nilifua, nikapika, nikapiga deki, kisha nikatafuta kingine cha kufanya, kwa sababu sikuweza kutulia. Moyo ulikuwa unakwenda kama wa mtu anayefukuzwa na mbwa, nami nimeketi kwenye kigoda nachagua mchele.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo ameketi hivyo. Mambo ya kitabibu siyajui sana, na yale machache niliyoelezwa nitayasema nilivyoelezwa. Mengine ni yaliyonipata.

Mume wangu, Petro, alikuwa karani wa ghala la pamba la ushirika huko Magu. Kwa miaka minne alikaa huko wiki nzima na kuja kwetu Igoma mwisho wa juma. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao na kumlipa mkulima hapohapo shambani, ghala likabaki na panya, likafungwa. Petro akarudi kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga, akawa anashinda amekaa mlangoni ananitazama. Ndiye wa kwanza kuona ninavyokwisha.

Nilikuwa nakula ugali wa watu wawili na bado nguo zinaniporomoka. Pete ya ndoa ilinitoka kidoleni nikiosha vyombo, ikabidi niizungushie uzi ndani ili ishike. Nywele zilijaa kwenye kitana. Macho yalianza kutokeza, nikawa na sura ya mtu aliyeshtuliwa ambaye hajarudiwa na hali yake. Limi, binti yetu, alikuwa na miaka mitano wakati huo. Siku moja aliniuliza, "Mama, umeona nini?" Nikamwambia sijaona kitu. Akageuka kutazama nyuma yake, asiniamini.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Mkata minofu mwenye mkono unaotetemeka hana siku nyingi. Kisu kilinichana kiganja asubuhi moja, damu ikatiririka juu ya mnofu mweupe, na meza nzima ikarudi nyuma. Walirudi nyuma wote kwa pamoja, bila mtu kusema neno, na ndipo nilipojua kwamba walishanizungumza siku nyingi. Miaka ile ukikonda ulikuwa na ugonjwa mmoja tu. Hakuna aliyeutaja. Walisema fulani kakanyaga miwaya. Zuhura peke yake alikuja na kitambaa, akanifunga, akanishika begani hadi nje.

Msimamizi aliongea nami kwa upole, tena akiwa amesimama mbali. "Mama, nenda kwanza ukapumzike. Ukipata nafuu utatuona." Nilipokwenda kuwaona, mlinzi wa getini hakulikuta jina langu kwenye karatasi yake.

Nyumbani nako kulikuwa na mambo. Petro alitenga kikombe chake. Akaanza kulala kwenye jamvi, akisema kitanda kinamuumiza mgongo. Nilivumilia wiki mbili. Siku moja, Limi akiwa nje anacheza, nikamkabili.

"Baba Limi, si uniulize tu."

"Nikuulize nini?"

"Hicho unachokiogopa."

"Nikikuuliza utanijibu, Mama Limi. Ndiyo maana siulizi."

Mvua za vuli zilipoanza alisema anakwenda Geita kujaribu bahati machimboni. Alimbeba Limi hadi barabarani, akamshusha, akapanda gari. Mimi hakunigusa. Nilibaki na hakika moja tu, kwamba ameniona najisi akanikimbia, na hakika hiyo niliilisha kila siku hadi ikanenepa kuliko mimi.

Mama yangu alikuja kunichukua. Sisi Wasukuma mama tunamwita mayu, na Mayu wangu ni mwanamke wa maneno machache. Alinitazama pale mlangoni, akafungasha nguo zangu na za Limi, akasema, "Twende nyumbani, mwanangu, ukaumwe palipo na watu." Nyumbani kwetu ni kijijini, ng'ambo ya Bujora ukitokea Kisesa.

Kule nilitibiwa kwa kila kilichokuwepo. Nilichanjwa kifuani na mgongoni, nikajifukiza, nikanywa mizizi michungu hadi ulimi ukafa ganzi. Simlaumu mganga, wala simlaumu Mayu. Alikuwa mama anayemwona mwanawe akiyeyuka, na zahanati ilishatupa vidonge vya minyoo mara mbili. Majirani walikuja kunipa pole, wakakaa karibu na mlango. Mayu aliendelea kula nami sahani moja, mbele yao, akiwatazama usoni huku anatafuna.

Wakati wa kupalilia pamba, alasiri moja, mawingu yalishuka ghafla. Nilikuwa barazani, sina nguvu hata ya kusimama bila kushika nguzo. Limi alikuwa amejibanza kando ya zizi akichezea ndama. Sikumbuki mlio. Nakumbuka mwanga mweupe, harufu ya nywele zilizoungua, na ng'ombe wawili wamelala ubavu, miguu imekakamaa. Mimi ambaye sikuweza kwenda chooni bila kushikwa, nilivuka uwanja mzima mbio, nikamnyakua Limi, nikamrudisha ndani nikiwa nimembeba begani. Alikuwa mzima. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Moyo wangu ndio haukurudi. Kabla ya siku ile ulikimbia, lakini kwa hatua zinazofuatana. Tangu radi ile ulikwenda kama ng'ombe wanaotoka zizini kwa fujo: mmoja, watatu pamoja, kimya, wawili. Baada ya siku chache miguu ilivimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nikilala chali napaliwa kama mtu aliyetumbukia ziwani, ikabidi Mayu anipangie magunia ya mpunga nyuma ya mgongo niegemee nimeketi.

Mjomba Masanja alinipeleka Kisesa kwa baiskeli, Mayu akitembea kando ameshika bega langu nisidondoke. Kutoka Kisesa tulipata lori la mpunga mpaka mjini, na kutoka hapo hadi hospitali kubwa.

Nataka nikueleze lile benchi, maana nalo utaliketia. Lilikuwa refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio ya watu. Ukifika unakaa mwisho, na kila mtu akiitwa mnasogea kwa pamoja, mnateleza kuelekea mlangoni. Karibu nami alikuwa mama mmoja kutoka Ukerewe mwenye mtoto mwenye degedege. Alimenya chungwa, akaligawa, akanipa nusu mkononi bila kuuliza naumwa nini. Lile chungwa nalikumbuka kuliko dawa nyingi nilizomeza. Tulisogea, tulisogea, na kadiri mlango ulivyokaribia ndivyo nilivyotamani turudi nyuma. Nilikuwa na hakika ya kitakachosemwa ndani.

Daktari alikuwa mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa plasta mkono mmoja. Alinitazama macho. Akanipa kikombe cha maji. "Meza taratibu." Alikuwa anaangalia koo langu likipanda na kushuka. Kisha akachukua karatasi tupu, nikadhani anataka kuandika. Akaniambia ninyooshe mikono mbele, akailaza ile karatasi juu ya vidole vyangu. Karatasi ikaanza kuchakarika yenyewe. Tuliokuwa mle ndani sote tuliisikia.

"Daktari," nikasema, "ni ule?"

"Upi?"

"Ule."

Akavua miwani. "Ule tutaupimia damu, na jibu nitakupa mimi mwenyewe. Lakini mama, mikono yako inaniambia jambo jingine. Una rovu."

Nikagusa shingo. Rovu nililijua, nilishaona wanawake wenye shingo kubwa kama kibuyu. Langu lilikuwa uvimbe mdogo ambao nilidhani ni mifupa inatokeza kwa kukonda.

Mayu, aliyekuwa amesimama ukutani, akauliza kwa Kiswahili chake cha shida, "Rovu la shingo, na moyo? Vinakutana wapi?"

Yule mzee hakumcheka. Alivuta kiti akaketi karibu nasi. "Mama, ukikutana na chui, mwili unamwaga dawa ya hofu kwenye damu. Dawa hiyo inafika kwenye moyo. Moyo umejengwa kwa chembe ndogo sana, huwezi kuziona, na kila chembe ina vijilango vya kuipokea ile dawa. Ikipita mlangoni, chembe inaambiwa: kimbia! Chui akiondoka, dawa inakwisha, moyo unatulia. Ndivyo tulivyoumbwa. Sasa hii tezi ya shingoni kwa binti yako imezidisha maji yake, na maji hayo yameongeza milango kwenye moyo. Hofu kidogo ya kawaida, ambayo kwako na kwangu inapita kama tone, kwake inaingia kama mafuriko. Moyo wake unaamini chui yupo hapa chumbani tangu mwaka jana. Haujapumzika hata siku moja. Umetanuka, umechoka."

"Na ile radi?" nikauliza.

"Radi ilikuwa chui wa kweli. Alimkuta yule mwingine bado yuko juu yako."

Nililazwa. Zilihitajika dawa za namna mbili: moja ya kunyamazisha tezi, ambayo ingechukua wiki nyingi, na nyingine ya kuifunga ile milango ya moyo, ambayo ingefanya kazi upesi. Dirisha la dawa la hospitali halikuwa nazo. Zuhura alisikia nimelazwa, akaja akachukua cheti cha dawa, akazunguka maduka ya dawa mapya yaliyokuwa yanafunguliwa mjini, moja baada ya jingine, hadi akazipata. Daktari alinianzishia na nusu ya kidonge, kwa uangalifu, akinisikiliza kifua kila baada ya muda. Siku ya pili mchana nilisinzia nikiwa nimeketi. Nilipoamka nilikuta Mayu analia kimya. Akasema, "Umekaa bila kutikisika. Nilikuwa nimesahau sura yako ikitulia."

Wiki iliyofuata daktari alikuja na jibu la damu. Aliinama sikioni mwangu. "Huna."

Nilicheka. Nilicheka hadi mama wa kitanda cha pili akageuka. Kisha kicheko kikakata, kwa sababu nilimkumbuka Petro.

Hapa ndipo naomba unisikilize, kuliko pote.

Mayu aliniambia siku ileile, "Mtumie habari mwenzako. Magari ya Geita yako kila siku, mtu atafikisha."

Nikasema, "Asubiri."

"Asubiri nini?"

"Alitenga kikombe, Mayu. Asubiri."

Nilikuwa nataka aumie kidogo. Nilikuwa na picha kichwani: nimenenepa, nimesuka, nimevaa kitenge kipya, nashuka kwenye gari huko Geita mbele ya wenzake, yeye ananiona anakosa pa kuweka uso. Nilitaka kupona kwanza ili nimwaibishe vizuri. Kila nilipokwenda kliniki na mzani ukapanda, nilijiambia bado, mwezi ujao. Miguu ilirudi kuwa miguu. Mikono ikatulia, nikaweza kutunga uzi kwenye sindano. Niliyapata majibu wakati wa kupalilia, na pamba ilipopasuka nilikuwa bado sijatuma hata salamu.

Aliyekuja alikuwa kijana aliyechimba naye, amebeba mkoba wa Petro. Alianza kwa "shikamoo" kwa Mayu, akashindwa kuendelea. Mayu akamwekea maji. Ndipo akasema kwamba shimo lilimporomokea Petro, wakamtoa kesho yake, na kaka zake wamekwisha kumzika kwao Magu. Mimi hawakuniambia kwa sababu walidhani niko kitandani nasubiri zamu yangu.

"Lile shimo tulilikataa wote," alisema yule kijana, macho chini. "Miti yake ilikuwa imeoza. Tukamwambia, Petro, usishuke. Akatujibu, mimi nilishakufa, natafuta cha kumwachia mtoto. Alikuwa anasema ameua mke wake. Kwamba alipokuwa Magu hakutulia na mke mmoja, akaupeleka ugonjwa nyumbani."

Kumbe hakunikimbia mimi. Kikombe alichokitenga kilikuwa ni chake, na mimi nikadhani anajikinga. Alikuwa anadhani ananikinga mimi asinizidishie, na mtoto asimpe.

Nilikaa pale kwenye mkeka nikisubiri moyo ukimbie. Nilijua ungekimbia, na safari hii ungekuwa na sababu. Haukukimbia. Nilikuwa nimemeza vidonge asubuhi, milango ilikuwa imefungwa. Ulipiga polepole, sawasawa, kama wa mtu anayesikiliza habari za mtaa wa pili. Machozi yalinitoka, sauti ikanitoka, Limi akanishika shingo akilia kwa kuniona nalia, na kifuani mwangu kulikuwa kimya kabisa. Nilihisi hata mwili wangu umekataa kumlilia.

Nilimwambia daktari jambo hilo kliniki iliyofuata. Aliandika, kisha akasema, "Moyo unaopiga damu ndio niliokupa dawa yake. Unaolia si huo." Sijui kama ni kweli. Nilishukuru kwamba hakunipa pole ya haraka.

Kiangazi kilichofuata walinipasua wakaitoa sehemu kubwa ya ile tezi. Nilibaki na kovu la kuzunguka shingo, jembamba, na sauti iliyokwaruza kwa miezi kadhaa. Kovu lilipokauka nikamchukua Limi tukaenda Magu kwa mama mkwe wangu. Niliogopa safari ile kuliko kisu cha daktari.

Alikuwa uani anachambua pamba, peke yake. Nilipiga magoti. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Alinitazama toka miguuni hadi usoni, kama anayehesabu kilichobaki. "Umepona."

"Nimepona, Mama. Haukuwa ule ugonjwa. Ilikuwa rovu."

Mikono yake ikasimama juu ya pamba. Sikumwacha aseme, maana ningenyamaza nisingeanza tena. "Niliijua habari hii tangu palizi. Sikumtumia Petro. Nilikuwa na hasira naye. Angeijua asingeshuka."

Kuku walipita. Limi alikuwa ameokota pamba anaipuliza. Yule mama aliendelea kuchambua kwa muda, akitenga safi na chafu, na nilikuwa tayari kwa neno lolote.

"Alikuja kuniaga," akasema hatimaye. "Aliniambia, mama, nakwenda sirudi, mimi na mke wangu tumekwisha. Nami sikumzuia. Nilisema moyoni, afadhali akafie mbali, majirani wasije wakamwona anavyokonda. Mwanangu wa kumzaa." Akafuta mikono kwenye kanga. "Usiubebe peke yako, Minza. Si wako peke yako."

Hiyo ndiyo nafuu niliyoipata kwake. Haikuwa msamaha, na sikuuomba.

Kwa hiyo wewe ambaye moyo unakimbia na hakuna anayekufukuza, usikae miezi kama nilivyokaa. Nenda wakutazame shingo, wakuwekee karatasi kwenye vidole. Kama unakonda na watu wanarudi nyuma, kapime damu pia, maana hofu ya kutojua nayo ni ugonjwa, na huo ndio uliotuulia mtu nyumbani kwetu. Na ukipata jibu, liwe lolote, mpe mwenzako siku hiyohiyo. Hasira zako utazimaliza baadaye, naye akiwa hai wa kuzisikia.

Jioni ile mama mkwe alitupeleka kaburini, nyuma ya nyumba, karibu na shamba. Walikuwa bado hawajalijengea. Alisimama kando akasema, "Mwambie."

Nikaona aibu. Nikainama, nikaweka kiganja kwenye udongo, nikasema kwa sauti yangu ile ya kukwaruza, "Baba Limi. Sina. Nilipima. Sina."

Limi akanivuta kanga. "Huna nini, mama?"

Siku ile nilishindwa kumjibu. Sasa ni mtu mzima, anajua kusoma. Nimemjibu hapa.